Kitwitwi Mweupe Kwenye Kipande cha Baba

Tunduma,
Jumatatu asubuhi.

Kaka yangu Gwamaka,

Mulishani, kama mnavyosalimiana huko ng'ambo. Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wifi Anastazia na watoto wote, nikiomba karatasi hii iwakute mmeamka salama na mmeshiba. Kifua cha wifi kimetulia? Mwambie aache kulifagia vumbi la malori kila saa, halitaisha mpaka wahamishe barabara. Mimi nipo, nakula, nalala kidogo. Nikisema ni mzima nitakuwa nakudanganya, na leo nimeapa sitakudanganya hata kwenye salamu.

Usishangae kuandikiwa barua kama tuko enzi za babu. Simu yangu iko polisi tangu siku ya msiba, wanasema ni kielelezo kwa sababu ina picha za Felix na ndege wake. Ningeweza pia kuvuka kwa miguu. Kutoka hapa kwa rafiki yangu Anna ninapolala hadi dukani kwako Nakonde, mtu hamalizi kula hindi moja la kuchoma. Lakini nakujua na ninajijua. Ungenishika mabega, ungelia, na mimi ningelia, halafu maneno yangenikwama kooni na ningerudi nayo. Kwa hiyo Anna atakuletea, umpe hata chai.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka nisimame mahakamani niseme kwamba nilimwona Felix akimuua baba yetu. Unasema damu ni nzito kuliko maji, na kwamba asipofungwa utamngoja nje mwenyewe. Nimekusikia, kaka. Sasa na wewe nisikie. Keti chini, soma mstari kwa mstari, usiruke kama unavyoruka maneno ya wimbo kanisani ukidhani hatukuoni.

Umeondoka Ivuna siku nyingi na huko mnakula chumvi ya pakiti, labda umesahau mambo ya kitwitwi. Ndege wa ukubwa wa ngumi, miguu kama njiti, hatui mtini, kazi yake ni kukimbia kwenye mchanga kama mtoto aliyetumwa kitunguu na mafuta yako motoni. Wa kwetu ana wekundu kifuani, kama aliyemwagikiwa chai. Na sheria ya wachemsha chumvi wa upande wetu unaijua: kitwitwi akitaga kwenye kipande chako cha ardhi ya chumvi, kipande kinalala. Hukwangui udongo, huchoti maji, mpaka vifaranga watoke kwa miguu yao. Majirani ndio wanakugawia udongo wa vipande vyao, uchuje, uchemshe, watoto wale. Bibi alikuwa akituambia kwamba ndege yule anaujua udongo uliochoka kuliko mtu anavyoujua. Sijui kama ni kweli, ila hakuna aliyewahi kubisha.

Na aliyeishika sheria hiyo kwa meno alikuwa baba. Ajabu ya baba yetu ndiyo hiyo. Alishuka kutoka milima ya Ileje na begi moja, kipande akapewa na wajomba kwa sababu ya mama, halafu akawa mwenyeji kuliko wenyeji. Mwaka juzi kitwitwi alitaga kwa Nsajigwa, jirani yetu wa upande wa machweo. Nsajigwa alikuwa na mke aliyetoka kujifungua, akaomba akwangue pembeni kidogo tu. Baba alikwenda akasimama pale na panga, akamwambia mguu utakaovuka utabaki hapo hapo. Nsajigwa alikilaza kipande. Msimu mzima alikula udongo wa watu, na macho hakuyainua.

Mwaka huu ziwa limepanda. Limemeza mchanga wote wa chini, na vipande vilivyobaki vikavu unaweza kuvimaliza kwa kutazama mara moja. Cha kwetu kilibaki, na udongo wake ulikuwa mzuri, unang'aa asubuhi. Basi kiangazi kilipoanza wakaja vitwitwi wengine. Umbo lile lile, mbio zile zile, lakini weupe, kifuani hakuna wekundu hata wa dawa, kama waliopakwa unga wa muhogo. Na wakataga wapi? Kwetu! Katikati ya kipande, mayai yamefukiwa nusu kwenye mchanga kama kawaida yao. Niliyaona mimi wa kwanza nikamwita baba. Alitazama muda mrefu, akasema hao si vitwitwi.

Nsajigwa akasema kitwitwi ni kitwitwi, na kipande cha mzee Isaka kilale kama cha kwake kilivyolala. Nusu ya watu wakawa upande wake, nusu upande wa baba. Nasema ukweli, mimi nilikuwa upande wa baba, kwa tumbo langu. Nani alitaka kwenda kuomba udongo kwa Nsajigwa?

Sasa Felix. Wewe ulimwona hospitali tu, amefungwa pingu kitandani, ukamtemea mate. Mimi nilimjua akiwa mzima. Ni kijana wa Pangani, aliletwa na mradi wa kuhesabu ndege wa ziwa, akapanga chumba chako cha zamani. Mpole mpaka anaudhi. Mama alikuwa akimcheka jinsi anavyokula ugali kwa kumega vipande vidogo kama anaogopa kuuumiza. Baba alimpenda. Alimwita mwanangu, na siku ya Pasaka alimpa firigisi, ile ambayo wewe hukuwahi kuionja ndani ya nyumba ile mpaka ulipooa. Najua huko msibani walikuambia kwamba nilikuwa natembea naye. Uongo mtupu. Ingekuwa kweli ningekuambia, mimi naogopa nini?

Kazi yake alikuwa anatega wavu asubuhi, ndege wakinasa anawatia kwenye kimfuko cha kitambaa watulie, anapima mdomo, anapima bawa, halafu anawaachia. Wengi tulimwona akifanya hivyo, na wengi walimwona akifanya hivyo na wale weupe. Kumbuka kimfuko hicho.

Ugomvi ulipokomaa, watu waliitana pale penye mapipa ya kuchemshia. Wakasema si yupo mtaalamu wa ndege? Aulizwe. Felix akaja, masikini, amefurahi, na vitabu vyake vya picha. Akaeleza kwamba ni ndege mmoja, ukoo mmoja, ila kila upande una rangi yake. Wanaoishi kwenye mchanga mweupe wa bahari ni weupe, wa huku bara kwenye mito na maziwa wana wekundu zaidi, na katikati wapo wa kati. Akasema ni kama Wandali, wapo wa Ileje na wapo wa ng'ambo ya Songwe kule Malawi, wanatofautiana maneno mawili matatu lakini nani atasema si Wandali? Alidhani maji ya ziwa yalipopanda yamewahamisha, wakachanganyika. Akasema yeye mwenyewe hajui wametoka mchanga gani, ndicho anachotafuta.

Baba akauliza, weupe kama hawa yeye amewaona wapi. Felix akajibu kwao Pangani wamejaa, wote hivi hivi. Mwingine akauliza yeye amefika Ivuna lini. Akasema kabla ya masika kuisha. Na wale weupe tumeanza kuwaona lini? Baada ya masika. Kuna aliyeuliza kama basi hao ni wa kwenu, na yule mjinga akacheka, akasema ndiyo, ni wa kwetu na ni wa kwenu. Alikuwa anafundisha. Watu walikuwa wanasikiliza mshitakiwa akikiri.

Baba alisimama akasema mmesikia kwa masikio yenu. Kawaleta kwenye vimfuko, tumemwona akiwatoa, ili avilaze vipande vyetu na watu wake waje kuchukua chumvi. Nsajigwa peke yake ndiye aliyemtetea, akasema mzee Isaka anatafuta njia ya kukwangua, basi. Watu wakatawanyika wananung'unika.

Kesho yake baba aliamka mapema, akachukua beleshi la kuzolea udongo, akaniambia nimfuate na ndoo. Nilimfuata. Kitwitwi alipotuona alifanya ule ujanja wao, akajiburuta kama aliyevunjika bawa ili tumkimbilie yeye tuyaache mayai. Baba hakumkimbilia. Alipiga mayai kwa ubapa wa beleshi, viota vyote, kimoja baada ya kingine, na ndege aliporudi akipiga kelele alimkata na yeye. Vifaranga walikuwa karibu kuanguliwa. Mmoja alikuwa bado anatikisa mguu ndani ya ute, baba akamkanyaga. Halafu akaniambia niinue ndoo nianze kazi.

Nsajigwa alikuwa ameshafika. Hakuja na silaha, alikuja na mdomo. Alimwita baba mwizi, mkimbizi wa Ileje aliyeolewa na kipande cha mkewe. Baba alimpiga na lile beleshi usoni. Taya lilivunjika nikasikia, na meno yakaangukia kwenye udongo wa chumvi, meupe juu ya weupe. Mke wa Nsajigwa alimrukia baba akamng'ata mkono mpaka damu ikamfika kiwikoni. Ndugu za Nsajigwa wakaja na mipini, vijana wa upande wetu wakaja na mipini, wakapigana pale pale juu ya mayai yaliyopasuka. Aliyekuwa na kichwa alipasuliwa kichwa, aliyekuwa na goti alivunjwa goti. Nilipigwa ngumi ya sikio, mpaka leo upande huo unalia kama redio iliyopoteza kituo.

Nsajigwa alipopakiwa kwenye pikipiki, amebanwa katikati ya watu wawili wasimwache aanguke, watu walisimama wakahema. Walijitazama. Ndugu wamepasuana. Na badala ya kuona aibu, mmoja akapaza sauti kwamba mwenye kosa yuko nyumbani kwa mzee Isaka anakunywa uji. Wakaondoka wote, kaka, wa upande wetu na wa upande wa Nsajigwa, waliokuwa wanauana sasa hivi wakawa kitu kimoja. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini siku ile hakuna aliyetaka kutazama nguo yake.

Felix alikuwa uani anafua shati. Aliwaona akainua mikono yenye povu. Walimpiga hapo hapo kwenye beseni. Mmoja alichomoa kijinga kwenye moto wa pipa letu la chumvi pale uani akamchoma nacho kifuani, nyama ikanuka. Mkono wake ulivunjika kama muwa. Alikuwa anaita mzee Isaka, mzee wangu, baba, mwambie waache. Nilikuwa nimewafuata mbio, ndoo bado mkononi, napiga kelele ambazo hata mwenyewe sikuzisikia.

Baba akaja. Nakuapia, nilimshukuru Mungu. Nilisema baba akisema neno moja watamwacha, ni mgeni wake, amekula firigisi yake. Kweli aliwasukuma, wakampisha. Halafu akainua beleshi yeye mwenyewe. Alimpiga mgongoni, akampiga miguuni, akampiga kichwani kwa ubapa, na Felix akanyamaza. Alilala kifudifudi, mate yanatoka na damu, hatikisiki. Baba akaligeuza beleshi, makali chini, akalinyanyua juu ya shingo yake.

Mpaka hapa, kaka, haya yote kila aliyekuwepo aliyaona, ila polisi hawakuambiwa hivyo. Kinachofuata wamekiandika vingine. Wameandika kwamba Felix aliokota jiwe akampiga baba nyuma ya kichwa, ndipo wananchi wenye hasira wakampiga yeye. Wamegeuza mkia ukawa kichwa. Ndivyo mama alivyowaambia, ndivyo alivyokuambia wewe kwa simu, na wanaume wote waliokuwepo wameitikia, kwa sababu hadithi hiyo inawasafisha. Na mgeni hana shangazi Ivuna wa kumsemea.

Gwamaka, mtu aliyezimia haokoti jiwe. Baba nilimpiga mimi.

Palikuwa na gogo la kuni karibu na pipa, gumu, nene kama mkono. Sikufikiri. Nikikuambia nilifikiri nitakuwa naongeza. Nililiinua kwa mikono miwili nikampiga nyuma ya kichwa, na nilitaka tu aliachie lile beleshi. Lakini nina mkono wake, unajua, wewe ndiye uliyekuwa ukinitania kwamba mimi ndiye mtoto wa kiume pale nyumbani. Aliliachia. Alianguka kwa uso pembeni ya moto, wala hakusema kitu, hata jina langu. Ile sauti ya gogo nalala nayo. Nilimpenda baba. Nilimpenda hata wakati ule, na nikimwona tena amelinyanyua beleshi juu ya mtu asiye na fahamu, sijui ningefanya nini tofauti. Hilo ndilo linalonitisha.

Wanaume walikimbia wote, uwanja ukabaki mtupu. Mama alikuwa kwenye mlango wa jiko, ameona. Hakupiga kelele. Alikuja akanitoa lile gogo mkononi, kidole kwa kidole, akalisukuma motoni chini ya pipa na kulichochea mpaka likashika vizuri. Akapiga magoti kwa baba, akamgusa shingo, akamfumba macho. Kisha akatafuta jiwe, akalipaka damu ya mumewe, akaliweka kwenye kiganja cha Felix na kumkunja vidole. Ndipo akapiga yowe.

Usiku wa msiba aliniambia amezika mume, hatazika na mtoto, na kwamba huyo kijana wa watu atamwombea. Nikakubali. Wewe ulinishika pale kaburini ukaniambia mimi ni shujaa kwa jinsi nilivyovumilia, na nikakubali na hilo. Ningeendelea kukubali mpaka uzee, maana mdomo ukishazoea kufungwa hauumi tena.

Wiki iliyopita nilimpelekea Felix chakula. Usiniulize kwa nini, nilisema nakwenda kununua sabuni nikajikuta nipo kwenye geti la mahabusu. Mkono umeunganishwa vibaya, jicho moja linatazama pembeni. Hakumbuki kitu. Anakumbuka povu la sabuni, na baada ya hapo ni kitanda cha hospitali. Aliniuliza kama ni kweli alimuua mzee. Nikanyamaza. Akasema basi kama watu wote wameona, na mama naye ameona, itakuwa ni kweli, labda aliingiwa na woga akafanya. Alilia, kaka, kwa lile jicho moja zuri. Alisema baba yangu alimpokea kama mwana na yeye kamlipa hivyo. Akaniomba nimfikishie mama ombi lake la msamaha, na nikaondoka nalo mpaka hapa Tunduma, sijalifikisha.

Sasa nimemaliza. Anna ataondoka na barua hii kuelekea kwako, na mimi nitaondoka kuelekea kituo cha polisi. Ukifika mstari huu nitakuwa nimeshasema. Usikimbie kunizuia, na usitafute mtu wa kumwona. Sikuombi unisamehe leo, ni mapema mno. Nakuomba uende Ivuna ukakae na mama. Watakwenda kumuuliza kuhusu jiwe, na atawaambia kwamba mimi nimechanganyikiwa kwa uchungu, naye atasema hivyo vizuri sana. Usimkemee. Alikuwa na mume amelala hapa na mtoto amesimama pale, akachagua haraka. Ila mwambie, kwa sauti yako wewe mwanawe wa kwanza, kwamba kuna kijana anamwomba msamaha kwa kitu ambacho hakukifanya. Mwambie hivyo hivyo, halafu mwache.

Msalimie sana wifi, awe anakunywa maji ya moto asubuhi. Nibusie watoto, mdogo umvute sikio kwa niaba yangu. Nsajigwa ukimkuta umpe pole, bado anakunywa uji kwa mrija, na ukiweza mpe kipande chetu akikwangue mpaka mvua. Bwana awalinde njiani na nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,

Atupele Isaka